Fungu la Kabura

Wamae alipenda kujua kila shilingi imekwenda wapi, na kwa hilo huwezi kumlaumu mtu. Ubaya ni kwamba alipenda na wengine wajue. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa hesabu za vyama vya kahawa, leo Othaya, kesho Mathira, akiwatoa makarani kijasho chembamba kwa sababu ya risiti moja iliyopotea. Alipostaafu alipewa saa ya ukutani na maneno matamu, akaenda kuendeleza ukaguzi nyumbani kwake Nyeri. Sasa wa kutolewa kijasho akawa mkewe, Phyllis.

Halafu akapata kadi ya mkopo. Siku hizo kadi kama hizo zilikuwa za kuhesabika mjini Nyeri. Supamaketi ilikuwa na kimashine cha kukwaruzia kadi juu ya karatasi za kaboni, na ununuzi ukiwa mkubwa keshia alilazimika kupiga simu Nairobi kuuliza kama huyu mzee ni wa kuaminika. Watu kwenye foleni wananung'unika, siagi inayeyuka, na Wamae amesimama mkono mfukoni anafurahia kila dakika. Phyllis alikuwa akienda kuangalia masufuria asiyotaka kununua, ili wasionekane wamekuja pamoja.

Mwaka wa tisini na nane ofisi moja mjini ilifungwa, vitu vyake vikauzwa, na Wamae akarudi nyumbani na kompyuta, printa ya karatasi ndefu yenye matundu pembeni, na programu ya kuweka hesabu za nyumba. Benki yake ilikuwa imeanza kuwapa wateja wachache orodha ya matumizi ya kadi kwa njia ya simu. Jumamosi baada ya chakula cha mchana, simu ikiwa nafuu, kompyuta ilipiga Nairobi, ikapiga mayowe kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha matumizi yakateremka kwenye skrini, mstari baada ya mstari.

Aliyeketi mbele ya skrini hiyo alikuwa Kabura, bintiye wa kwanza. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya upili ya kutwa hapo mjini, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwenye mikono myepesi na kichwa kinachofanya kazi. Alibeba jina la nyanya yake mzaa baba, kwa hiyo Wamae alimwita Maitu, yaani mama yangu, hata siku anayomgombeza.

"Maitu, kuja uone. Zimefika."

Kila mstari ulikuja na tarehe, jina la duka limekatwakatwa kwa herufi kubwa, na kiasi. Kando yake palikuwa na kisanduku kitupu, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Benki inajua umetumia elfu mbili mia nne supamaketi, lakini haijui umenunua nini wala kwa ajili ya nani. Lazima mtu akae aamue: hii ni ya fungu gani? Programu yenyewe ilikuja na mafungu ya wazungu walioitengeneza. Kulikuwa na fungu la mbwa na paka, fungu la likizo, hata fungu la kuondoa theluji mlangoni. Wamae aliyafuta yote akicheka, akamwamuru Kabura aandike yanayoeleweka: Chakula, Gari, Shamba, Kanisa, Phyllis. Siku moja mwezi wa Machi akaongeza lingine.

"Fungua fungu la Kabura."

"La nini, Baba?"

"Tujue tu."

Hakuuliza tena, na baadaye alijilaumu kwa hilo. Hakuwa mjinga. Wiki ile ile Jesse Miriti alikuwa amewaleta watu wa kwao kupiga hodi. Jesse alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai upande wa Othaya, kijana wa Meru, mpole, mcheshi, mwenye kucha safi licha ya kazi ya grisi. Kabura alimpenda. Watu wake walikaribishwa, wakanywa chai, wakaambiwa warudi Agosti kwa mazungumzo ya mahari. Na Wamae akaiandikia benki, akaomba matumizi ya kadi ya miaka yote ya nyuma. Disketi tano zikaletwa kwenye bahasha ngumu.

Basi Jumamosi zikawa ndefu. Kabura alipitia maisha yake mwenyewe mstari kwa mstari. Viatu vya shule. Sare. Daktari wa meno aliyemfunga vyuma kidato cha pili. Karo ya chuo cha ualimu. Duka la nguo mtaa wa juu, lile gauni la kumaliza chuo. Pale ambapo risiti ilichanganya vitu vya nyumba nzima, baba alimwambia aigawanye, sukari iende Chakula, shampuu na pamba za mwezi ziende Kabura. Aliona haya kidogo, kisha haya ikaisha. Walibishana kama watu wa ofisi.

"Hii sofa ni ya nyumba, Baba."

"Hatukuwa na sofa. Tumenunua juu ya wageni wako watakuja kukalia. Weka kwako."

"Na wewe unaikalia kila siku!"

"Gawanya katikati."

Akagawanya katikati. Na ukweli usemwe, alipenda kuona jumla ikipanda. Kila Jumamosi fungu lake lilizidi kunenepa, likapita Gari, likapita Shamba. Wasichana wengi wa kwao hukua bila kuambiwa kwamba walikuwa na thamani yoyote kwa mtu, na yeye hapa alikuwa ameandikwa kwa tarakimu. Alipitisha mshale juu ya jina lake akasikia joto kifuani. Hakumwambia mtu.

Phyllis alikuja mlangoni na kikombe cha chai, akasoma skrini kutoka mbali, uso ukambadilika.

"Kabura, hiyo ni nini yenye jina lako?"

"Ni hesabu tu, Mami."

"Mtu hahesabu mtoto." Aliweka kikombe chini. "Hata mtu akiniuliza niko na watoto wangapi, mimi nasema wako. Hujawahi kunisikia nikitaja. Mnaleta balaa kwa hii nyumba."

"Sihesabu watoto," Wamae akajibu bila kugeuza kichwa. "Nahesabu gharama."

"Haya," Phyllis akasema. Haya ya mama huyo ilikuwa na maana nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa kukubali.

Aliyesema wazi alikuwa shangazi, Tata Murugi, dada ya Wamae. Aliishi katika nyumba ndogo ya mbao nyuma ya migomba, na alikuwa ameishi hapo tangu Kabura hajazaliwa. Zamani aliolewa Karatina na mtu wa ngumi. Siku moja alirudi nyumbani na mtoto mgongoni na jino moja mkononi. Watu wa mume walimfuata, wamevaa makoti, wakimtaka mke wao. Babu yake Kabura hakugombana nao. Aliwapa uji, akawauliza habari za mvua, kisha akasema: mlibakisha mbuzi kumi na tisa wa mahari, mmekuja nao? Wakatazamana. Wakanywa uji wakaondoka, na hawakurudi.

"Unajua kwa nini sisi hatumalizagi mahari?" Murugi alimuuliza Kabura jikoni, huku akipukuchua mahindi kwa nguvu kana kwamba yamemkosea. "Watu hufikiri ni tamaa. Ati Wakikuyu wanapenda pesa. Wacha waseme. Mtu akiwa na deni lako, siku moja lazima arudi aongee na wewe. Akimaliza, hana haja na wewe. Mimi ningekuwa nimelipiwa yote, ningekuwa nimezikwa Karatina. Hizo mbuzi kumi na tisa ndizo nyumba yangu. Sasa huyo baba yako na hiyo televisheni yake anataka kukufanyia nini?"

"Anataka tu wajue nimesomeshwa, Tata."

"Si wanakuona? Wakikuona hawajui umesomeshwa?"

Kabura alicheka. Angekuwa na akili ya baadaye angeingia ofisini kwa baba akalifuta lile fungu siku hiyo hiyo, kitufe kimoja tu. Alitaka vitu viwili maishani wakati huo, aolewe na Jesse, na abaki mtoto wa nyumba hii, mwenye kuja na kwenda bila kubisha hodi. Hakuona kwamba kimoja kingeweza kumnyang'anya kingine.

Agosti wakaja. Upande wa Jesse uliongozwa na mjomba wake, Mwiti, mtu mnene wa maneno machache. Mwiti alikuwa na malori na kituo cha petroli pale Kenol, barabara zinapokutana, na ndiye aliyemsomesha Jesse baada ya babake kufa. Mbuzi wakachinjwa, supu ikanywewa. Wanaume wakakaa sebuleni, nusu yao kwenye ile sofa, na msemaji wa nyumba akawa mzee Kingori, binamu ya Wamae. Kwa desturi baba wa msichana hasemi. Anakaa kimya, anasemewa, na msemaji anayazungusha maneno polepole hadi kila mtu achoke na mambo yaishie katikati.

Kingori alianza vizuri. Alizungumza juu ya mbuzi ambao hawajulikani idadi, juu ya ndama aliyepotea msituni, juu ya asali. Watu wa Meru wakacheka mahali pa kucheka. Kabura na mama yake na Murugi walikuwa mlangoni pa jikoni, mlango umeachwa wazi kiasi cha sikio. Ndipo Wamae akakohoa.

"Kingori, ngoja. Hawa ni watu wa kazi. Tusiwapotezee wakati na mbuzi ya msituni."

Akatoa karatasi. Ilikuwa imekunjwa kama gazeti, na alipoiachilia ikateremka hadi mazuliani, matundu yake pembeni, mistari yake myeusi. Akavaa miwani. Akasoma mafungu madogo ndani ya fungu, masomo, meno, mavazi, matibabu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwasomea makarani. Kisha akasoma jumla. Shilingi laki nne, elfu kumi na mbili, mia saba na sitini.

Wageni wakaweka vikombe vya supu chini.

"Hiyo si bei," Wamae akaongeza, na ni kweli hakuwa amekusudia bei. Alikusudia wageni washike vichwa, waseme loo, kumbe tunapewa mtu. Alikusudia sifa. "Ni mjue tu mnachukua mtoto wa aina gani."

Mwiti aliinama akaokota ncha ya karatasi mazuliani. Akaisoma taratibu, midomo ikisogea.

"Mzee, hii kila kitu iko hapa?"

"Kila kitu."

"Hakuna kitu umesahau?"

Kumuuliza mkaguzi kama amesahau kitu ni kumtukana. Wamae akanyoosha mgongo. "Mimi sisahau. Nimefanya hiyo kazi miaka yote. Hata senti haijapotea hapo."

"Sawa. Tupe ruhusa tuongee hapo nje."

Walisimama kando ya gari lao, nyuma ya dirisha, wakasemezana. Kabura aliwaona wakitikisa vichwa, akadhani wanaogopa, akasikitika kidogo kwa ajili ya Jesse. Waliporudi Mwiti alikuwa na mkoba. Akahesabu mezani noti za laki moja na nusu, kisha akatoa kitabu cha hundi akaandika zilizobaki, hadi zile sitini za mwisho. Alikuwa anatabasamu, mtu aliyetua mzigo.

"Mimi niliambiwa nijihadhari," akasema. "Huko kwetu vitu vya mahari vinajulikana, ng'ombe, kondoo, asali, mtu anatoa anamaliza. Nikaambiwa, ukienda Nyeri, ati hao watu mahari yao haiishi mpaka uingie kaburini. Kumbe si kweli. Kumbe iko na mwisho, na imepigwa na mashine. Nashukuru sana, mzee."

Kingori aliruka kama aliyechomwa. "Hapana, ndugu yangu, hapana. Sisi hatuna hiyo desturi. Hapa mtu analeta kidogo, ingine inabaki. Rudisha hiyo hundi. Leta tu hizi za mezani, ingine tutaongea siku ingine."

"Inabaki ya nini? Mwenyewe amesema kila kitu iko hapa."

Wote wakamgeukia Wamae. Lilikuwa jambo la sentensi moja. Angeweza kusema karatasi hii ina makosa. Angeweza kusema nilisahau kitu, nilisahau maziwa aliyonyonya, nilisahau usiku wa homa, na wazee wangecheka, wangepiga makofi, na deni lingebaki mahali pake. Alifungua mdomo. Kabura aliona baba yake akitafuta neno, akaona neno lenyewe lilivyokuwa chungu kwake, kwamba jumla si sahihi. Wamae hakuwahi kutamka hivyo juu ya hesabu yake mwenyewe. Alifunga mdomo.

"Ni hiyo," akasema.

"Basi naomba risiti," Mwiti akasema.

Na Wamae akainuka, akaenda ofisini, akarudi na kitabu cha risiti. Mtu anayechukua pesa bila kuandika risiti ni mwizi, hayo aliyahubiri miaka yote. Akaandika jina la Mwiti. Akaandika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Akafika pale palipoandikwa malipo ya, kalamu ikasita kidogo, kisha akaandika Kabura. Chini akaandika: yamekamilika. Akatia sahihi.

Phyllis aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Murugi alisimama pale pale, kitambaa cha vyombo mkononi, akasema kwa sauti ambayo hata wageni walisikia, "Wamemnunua. Mbele ya macho yangu, wamemnunua na chenji."

Kabura alimtafuta Jesse kwa macho. Jesse alikuwa anang'aa kwa furaha. Baadaye, walipopata dakika mbili kando ya tangi la maji, alimshika mikono akamwambia, "Umeona? Imekwisha. Hakuna mtu atakuja kutusumbua maisha yetu yote." Alilisema kwa mapenzi. Kabura alijaribu kulisikia kwa mapenzi, na kwa siku kadhaa akafaulu.

Arusi ilikuwa Desemba. Hata vitenge vya sare havijafifia, Mwiti akamwita Jesse akamwambia ofisi ya Kenol inahitaji mtu wa kompyuta, na kwa bahati tayari wana mmoja nyumbani. Jesse hakuweza kumkatalia mjomba, hakuwahi kumkatalia kitu. Kabura akaacha kufundisha. Akapewa chumba nyuma ya kituo cha petroli, kilichonuka dizeli hata kwenye mto wa kulalia, na Jesse akawa anakuja wikendi kutoka Othaya, halafu wikendi moja kwa mbili. Mtoto akazaliwa humo, msichana, akaitwa Kagwiria, jina la mama yake Jesse. Kabura aliandika safari za malori huku akimnyonyesha.

Mwezi wa kumi wa kazi aliuliza juu ya mshahara. Aliuliza kwa adabu, amesimama. Mwiti hakukasirika. Alivuta droo akatoa risiti ya Wamae, imewekwa ndani ya plastiki isichafuke, akaiweka mezani.

"Mshahara wako nililipa mapema," akasema. "Wote pamoja. Na sikuomba hata kupunguziwa."

Kabura alimweleza Jesse. Jesse alijikuna kichwa, akasema mjomba ni mtu wa mizaha, vumilia, tumetoka mbali naye. Kabura alimtazama yule mwanamume mwenye kucha safi, akajua hatasimama upande wake, si leo wala mwaka ujao. Alifunga vitu vya mtoto kwenye shuka. Hakuna aliyemzuia, na hilo nalo lilimuuma, jinsi walivyomwacha aende bila wasiwasi, kama watu wanaojua mali yao itarudi.

Ilikuwa Novemba ya tisini na tisa, wakati magazeti yalikuwa yakisema kompyuta zote zitakufa mwaka ukigeuka. Phyllis alimpokea mjukuu kwa vigelegele. Murugi alimchukua mtoto akamfunga mgongoni saa hiyo hiyo, akatangaza kwamba nyumba ya mbao ina nafasi. Wamae alitoka ofisini hadi uani, akampa mkono.

"Umekuja kututembelea," akasema.

"Nimerudi, Baba."

Alimsikiliza hadi mwisho, vidole vimefumbatana, bila kumkatiza. Hakuwa mtu katili. Macho yalimwiva mekundu alipofika pale pa risiti ndani ya plastiki.

"Niende niwaambie nini?" akauliza.

"Uwaambie mimi ni mtoto wako."

"Wataniuliza wako na deni gani. Mimi ndiye niliandika yamekamilika."

"Warudishie pesa yao!" Murugi alipiga kelele kutoka mwisho wa ua.

Wamae alitazama juu, na wote wakatazama juu, kwenye vigae vipya vyekundu. Pesa zilikuwa zimeingia kwenye paa, zote, na mabaki yakatengeneza mifereji ya maji.

"Basi si apewe kitanda chini ya hiyo paa," Murugi akasema. "Si ni yeye aliijenga!"

Mambo yakaachwa hivyo hivyo, yananing'inia. Kabura alilala nyumba ya mbao, akasaidia shambani, akaenda kuulizia kazi shuleni kwake, akaambiwa nafasi ilijazwa. Wamae alikwenda supamaketi akaleta maziwa ya kopo ya mtoto, nepi, na blanketi dogo la rangi ya njano. Alikuwa akimbeba Kagwiria, akimchezesha na miwani. Siku zikapita, wiki ya pili ikaingia, na Kabura akaanza kupumua. Labda mzee ameshindwa kusema tu, akawaza. Labda kukaa kwenyewe ndiyo majibu.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana alimwita.

"Kabura, kuja unisaidie. Macho yangu siku hizi hayaoni hizi herufi."

Aliketi kwenye kiti chake cha zamani. Kompyuta ikapiga Nairobi, ikapiga mayowe yake, mistari ikateremka. Ilikuwa michache. Mbolea aliipeleka Shamba. Dawa ya presha ya mama aliipeleka Phyllis. Kisha ikaja supamaketi, naye akaikumbuka siku yenyewe kwa kiasi, maziwa ya kopo, nepi, blanketi. Akashuka kwenye orodha ya mafungu kutafuta jina lake. Akapanda juu, akashuka tena.

"Fungu langu liko wapi?"

"Lilifungwa. Pesa ilipoingia, hesabu ilisawazika. Nikalifuta." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemweleza mwenzake wa kazi. "Hiyo ya maziwa weka Wageni. Nimelifungua hapo chini."

Mkono wa Kabura ulikaa juu ya kipanya. Alijiambia ni neno tu, mzee hana neno lingine. Akaweka Wageni. Mstari uliofuata ulikuwa wa kituo cha petroli cha hapo mjini, Jumanne, tangi zima.

"Hii je? Hujaenda safari yoyote na gari wiki hii."

"Bado." Wamae alivua miwani akaifuta kwa ncha ya sweta, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ni ya safari ya Jumatatu. Nimeongea na Mwiti kwa simu. Amesema hana neno na wewe, ati ofisi imekungoja. Nitakupeleka mwenyewe mpaka Kenol, usiende kama mtu hana kwao."

Nje Murugi alikuwa akimwimbia mtoto. Kabura alitaka kulia, akakuta hasira imeziba njia ya machozi. Alimwangalia baba yake, akaona aibu iliyokuwa imemjaa usoni, na akaona pia kwamba aibu hiyo haitabadilisha kitu.

"Niiweke Gari?" akauliza.

Wamae alifikiri. Alifikiri kweli, kwa makini, maana jambo la fungu halikuwa jambo dogo kwake.

"Gari ni safari zetu sisi wa nyumba," akasema. "Hiyo nayo weka Wageni."

Kabura akaiweka. Programu ikafungua kijidirisha kidogo katikati ya skrini, ikauliza kama malipo mengine ya aina hiyo siku zijazo iyapeleke huko huko bila kuuliza. Baba yake alikuwa amegeukia dirisha. Akabonyeza ndiyo, akazima kompyuta, akaenda kufua nepi za mtoto ili Jumatatu ziwe zimekauka.